Tairi la safari ndefu: jinsi ya kuchagua kwa njia ya lami, vumbi na mchanga

Mombo, mkoani Tanga, ndipo barabara ya kupanda Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, inapoachana na barabara kuu iendayo Same na Moshi. Mara ya kwanza nilipofika pale kwa baiskeli nikitokea Korogwe, matairi yangu nilikuwa nimeyajaza upepo mpaka hayabonyei. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiziba pancha chini ya mwembe, aliliweka gumba lake juu ya tairi la mbele, akakandamiza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi na hili?"

"Mtae."

"Hili umelijaza la lami. Huko juu litakurusha kama punda."

Akafungua valvu, akatoa upepo kidogo kidogo huku akibonya, mbele na nyuma, na hakutaka hela. Nilifika Mtae siku hiyo hiyo. Tangu hapo njia ile nimeipita mara nyingi, nikiwa na matairi ya kila aina, na kila safari imenirudisha kwenye neno moja: tairi la safari ndefu unalichagua kwa kuangalia kipande kibaya kuliko vyote ambacho huna namna ya kukikwepa, kisha unaangalia kama likiharibika utapata la kubadilisha au mtu wa kulitengeneza. Unene na upepo ndiyo mambo makubwa. Kashata, yaani yale meno ya mpira usoni mwa tairi, na jina la kampuni huja nyuma sana.

Nitaitumia njia yangu hiyo kama mfano. Wewe weka yako mahali pake.

Hatua ya 1: Iandike njia kwa vipande

Chukua karatasi na uandike kila kipande peke yake: kina urefu gani, chini pana nini, na hatari yake ni ipi.

Yangu inasomeka hivi. Korogwe mpaka Mombo ni lami ya barabara kuu. Hatari si lami yenyewe, ni ukingo wake, ambako malori yanakusukumia: kuna vioo vya chupa, na kuna vinyaya vyembamba kama unywele vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Mombo mpaka Lushoto ni lami tena, kama kilomita 33, lakini ni mlima mtupu. Unaanzia kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na kumalizia karibu na mita 1,400. Kutoka Lushoto kuelekea Mtae, mara ya mwisho nilipopita, sehemu kubwa ilikuwa udongo mwekundu wenye mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Udongo ule ukikauka ni saruji, ukilowa ni sabuni. Kisha nikirudi tambarare hupenda kukata kupitia njia za mashamba ya mkonge, na huko ni vumbi laini, mchanga, na miiba.

Habari za njia waulize waendesha bodaboda. Mwenye gari atakwambia "njia nzuri" kwa sababu gari lake halijui mchanga wa sentimita tano. Wa bodaboda anajua ni kona ipi mchanga huvuta gurudumu la mbele, na anajua mvua ilinyesha lini. Msimu nao uandike. Njia uliyoipita Agosti bila shida inaweza kukugandisha Aprili wakati wa masika, au Novemba wakati wa vuli.

Kwa nini nasisitiza kipande kibaya? Fanya hesabu. Tuseme una kilomita 80 za lami, na tairi nene linakupunguzia mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 19. Umepoteza kama dakika 12. Sasa chukua kilomita 10 tu za mchanga ambazo tairi jembamba haliwezi kuzipita, ukashuka na kusukuma. Hizo ni saa mbili na zaidi, juani, na mizigo juu. Kwa hiyo mimi husamehe dakika 12 bila kujiuliza.

Hatua ya 2: Soma namba ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo hela za watu wengi zinapopotea, na zangu zimo. Niliwahi kwenda duka moja mjini nikaomba "tairi la ishirini na sita". Nikapewa, nikalipa, nikaenda nalo nyumbani. Usiku, kesho yake safari, nalivisha: linacheza kwenye rimu kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Mwenye duka alikataa kulirudisha kwa kuwa nilishakata kamba zake. Nilikuwa nimeuziwa 26 x 1 3/8 wakati rimu yangu ni ya 26 x 1.95. Yote mawili huitwa "ishirini na sita", lakini kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu kinapishana kwa milimita 31.

Inchi ni majina ya zamani tu. Namba ya kuiamini ni ile ya milimita, iliyoandikwa kwa mpangilio kama 40-622. Ya kwanza ni unene wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa, na hiyo haina mazungumzo: ya tairi lazima ilingane na ya rimu yako.

Zinazokutana nasi sana ni hizi. 635 ni za baiskeli za mizigo kama Phoenix, zile ambazo Kenya huziita black mamba, na ubavuni huandikwa pia 28 x 1½. 622 ni za 700C, na ndizo hizo hizo za "twenti naini". Majina mawili, rimu moja. 584 ni za 27.5, au 650B. 559 ni za 26 yenye nukta, kama 1.75, 1.95 au 2.1. Na 590 ni za 26 x 1 3/8, ambazo utazikuta kwenye baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani. Ukiona sehemu kama 3/8 kwenye tairi moja na nukta kwenye jingine, hayo si ndugu hata kama hesabu zinakaribiana.

Namba hii ina uzito mkubwa zaidi unapokwenda mbali. Vijijini, tairi la 635 na lile la 559 unaweza kulikuta limening'inia dukani kati ya kandambili na madumu. La 622 lenye unene wa maana unalipata mijini, tena kwa kutafuta. La 584 usilitegemee njiani hata kidogo. Kama baiskeli yako ni ya 622 au 584 na safari ni ya siku nyingi, beba tairi moja la kukunja, lile lisilo na waya ukingoni. Linakaa chini ya mzigo bila kukusumbua.

Tyubu zina huruma zaidi. Tyubu ya 26 huvutika na kuingia kwenye gurudumu la 27.5 au la 700C kwa dharura, na tyubu ya Phoenix inafaa kabisa kwenye 700C yenye tairi la milimita 38 hadi 45. Kikwazo ni tundu la valvu. Rimu nyingi za baiskeli za mbio zina tundu la milimita 6.5 kwa ajili ya valvu nyembamba, na valvu ya Phoenix au ile inayofanana na ya gari haipiti hapo. Kama rimu yako ni ya alumini na ina upana wa kutosha, mwambie fundi akupanulie tundu hadi milimita 8.5 na alainishe kingo zake vizuri kwa msasa. Ukitumia valvu nyembamba baada ya hapo, weka kipete cha kuibana isiyumbe. Valvu ya aina ya gari inakupa faida nyingine: pampu ya bodaboda yeyote inaingia. Ila kompresa ya gereji isogelee kwa uangalifu. Tyubu ya baiskeli hujaa kwa sekunde chache, na nimeona ikipasuka mkononi mwa kijana aliyezoea kujaza malori.

Hatua ya 3: Pima nafasi iliyopo kwenye fremu

Kabla hujatamani tairi nene, hakikisha litaingia. Tumia spana ya L ya milimita 5 au 6 kama kipimo: ipitishe kati ya tairi na chuma mahali pote palipobana. Mbele, angalia juu ya tairi kwenye shingo ya uma na pembeni kwenye miguu yake. Nyuma, angalia mabomba mawili ya chini pale yanapokaribia pedeli. Hapo ndipo wengi hukwama. Angalia na breki, na madigadi kama unayo.

Kwa njia kavu, milimita 5 kila upande zinatosha. Kwa udongo unaonata nataka 10. Siku moja mvua ilinikuta nimeipita Lushoto. Udongo mwekundu ulianza kushika tairi kama unga wa chapati unavyoshika vidole, kisha ukaokota changarawe, kisha changarawe ikaanza kukwangua rangi ya fremu kwa sauti ya kusaga meno. Baada ya mita 50 gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nilikwangua kwa kijiti, nikaenda mita 50 nyingine, likagoma tena. Tairi lilikuwa zuri. Nafasi ndiyo haikuwepo. Ningekuwa na tairi jembamba kwa milimita 5 tu ningepita. Basi kwenye tope, tairi nene kupita kiasi ndani ya fremu iliyobana ni adui.

Kumbuka pia kwamba unene ulioandikwa hubadilika. Tairi la 40 kwenye rimu pana linaweza kupima 42, na baada ya siku kadhaa za kujazwa upepo hutanuka tena kidogo. Pima baada ya kulivisha, wala usiishie kusoma.

Hatua ya 4: Amua unene

Watu wengi tumelelewa na imani kwamba tairi jembamba lililojazwa kama jiwe ndilo la kasi. Kwenye lami laini kama sakafu, imani hiyo ina ukweli wake. Barabara zetu haziko hivyo. Tairi gumu likikutana na jiwe, haliwezi kulimeza, linapanda juu yake. Baiskeli, mizigo na mwili wako vyote vinainuliwa, hata kama ni kwa milimita chache, na nguvu ya kuvinyanyua inatoka kwenye mwendo wako. Fanya hivyo mara elfu kadhaa kwa kilomita, utajua kwa nini unafika umechoka kiuno na mabega kuliko miguu. Tairi nene lenye upepo wa wastani hujikunja kulizunguka jiwe, na wewe unaendelea mbele. Kwenye zile barabara za vumbi zilizojikunja kama bati tofauti ni kubwa mno. Mtu mwenye milimita 28 anasimama kila baada ya muda kutingisha mikono yenye ganzi.

Kwenye mchanga sababu ni nyingine. Huko kazi ya tairi ni kuelea. Eneo linalogusa chini likiwa kubwa, uzito wako unatawanyika na gurudumu halizami.

Vipimo ninavyovitumia ni hivi, kwa mtu wa kilo 65 hadi 80 mwenye mzigo mwepesi. Njia ikiwa lami karibu yote na vumbi gumu kidogo, milimita 32 hadi 35. Nusu kwa nusu, 38 hadi 45, na ukinishika koo nitaje namba moja tu ya kumfaa mtu anayeanza, nitasema 42. Udongo, mawe na mchanga vikitawala, au ukibeba mifuko mizito kwenye keria, 47 hadi 55, yaani inchi 1.9 hadi 2.2. Mtu mzito zaidi apande daraja moja.

Kama mbele na nyuma haviwezi kulingana, lile nene liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiserereka unatikisika tu; la mbele likiserereka unaanguka.

Uzito wa tairi usikutishe kupita kiasi. Nilishasikia wenzangu wakilalamikia gramu 400 za ziada kwa kila tairi kabla ya kupanda Lushoto. Wewe, baiskeli, maji na mizigo ni karibu kilo 95. Gramu 800 ni chini ya asilimia moja ya hizo. Kwenye mpando wa saa tatu, ni dakika moja au mbili. Kinachochelewesha kweli ni ukakamavu. Tairi lenye ubavu mnene usiokunjika hula nguvu kila mzunguko, mlimani na tambarare. Lishike kwa mikono miwili dukani ulikunje: likikataa kama kipande cha ubao, miguu yako italipia.

Hatua ya 5: Kashata

Sehemu hii ni fupi, maana watu huipa heshima isiyostahili.

Kwenye lami, hata iliyolowa, huhitaji kashata. Tairi la baiskeli ni jembamba na mwendo wetu ni mdogo. Halielei juu ya maji kama la gari. Kinachoshika ni mpira wenyewe. Kashata kubwa kwenye lami zinavuma, zinavuta na zinaisha upesi. Kwenye udongo mgumu mkavu, tairi laini katikati lenye vijino vidogo pembeni linatosha, na ndilo ninalolipendelea: unanyooka juu ya ule ukanda wa kati, na ukilaza baiskeli kwenye kona vijino vinashika. Kwenye mchanga, unene ndio unaokubeba, kashata hazisaidii sana. Kwenye tope tu ndiko kashata zinafanya kazi, tena ziwe zimeachana vya kutosha ili udongo udondoke. Zilizosongamana hujaa, na baada ya mzunguko mmoja unaendesha tairi la udongo.

Hatua ya 6: Jiulize ni nini kitakachokuchoma

Kuna mbigiri, kale kamajani kanakotambaa pembezoni mwa njia na kuacha vijitunda vyenye miiba migumu. Kakianguka, daima kuna mwiba unaotazama juu. Kuna miiba ya migunga, mirefu na minyoofu. Kuna ncha ya jani la mkonge, ambayo ni sindano kamili. Na kuna vile vinyaya vya malori. Mbigiri na vinyaya ni vifupi, vinaingia milimita chache tu, hivyo vinazuilika. Mwiba mrefu wa mgunga ukikaa vibaya utapita karibu kila kitu, na dawa yake ni kujua kuziba.

Njia za kujikinga ziko nne.

Ya kwanza ni tairi lenye ukanda wa kinga ndani. Schwalbe Marathon Plus, kwa mfano, lina tabaka la mpira la milimita 5 chini ya kashata, na waendeshaji wa safari za mbali duniani kote wanaliheshimu. Ni zito na ni kakamavu, lakini kama unapita peke yako nyika zenye miiba, utalishukuru. Kuna mengine yenye ukanda mwembamba wa nyuzi ngumu. Hayo yanazuia vioo na vinyaya vizuri, miiba mirefu kidogo tu. Angalia ubavu pia. Ukanda wa kinga kwa kawaida uko katikati, na mawe makali hukata pembeni. Kwa njia ya mawe kama ya Mtae, ubavu ulioimarishwa una thamani kuliko kashata yoyote.

Ya pili ni ile ya mafundi wetu: kukata kingo za tairi kuukuu jembamba na kuliweka lililobaki kama kitanda ndani ya tairi jipya. Inafanya kazi, na ni ya bei ya bure. Ila pale ncha mbili zinapokutana husugua tyubu mpaka ikatoboka. Zichonge ncha ziwe nyembamba kama ulimi, uzipige msasa, upake na poda.

Ya tatu ni maji ya gundi ndani ya tyubu. Yanaziba matundu madogo yenyewe. Ubaya wake, tundu likiwa kubwa, kiraka hakishiki kirahisi mahali palipolowa gundi.

Ya nne ni tyublesi, tairi lisilo na tyubu kabisa, na maji ya gundi ndani. Kwa mbigiri hakuna kinachoishinda: unachomwa mara kumi na hujui. Pia unaweza kwenda na upepo mdogo zaidi, kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa. Lakini inataka rimu maalumu, tepe maalumu, na maji ya gundi hukauka ndani ya miezi michache, haraka zaidi kwenye joto letu. Ukipasuka ubavu mbali na mji, fundi wa kijijini hana cha kukusaidia isipokuwa kuweka tyubu. Maoni yangu: kama unaitumia nyumbani na umeshaizoea, safiri nayo, ukiwa na tyubu mbili kwenye begi. Kama hujawahi, usiianzie safarini.

Na unaponunua tairi lolote, lipindue ubavu juani ulitazame. Kama lina nyufa ndogo kama za midomo iliyopauka, limekaa nje likipigwa na jua miezi mingi. Liache hata kama kashata ni mpya.

Hatua ya 7: Upepo

Unaweza kununua tairi bora kuliko yote na kuliharibu kwa pampu. Namba iliyoandikwa ubavuni, mara nyingi "MAX" na PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo), ni mpaka wa kutovuka. Watu huisoma kama agizo. Anza chini yake sana.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 10, tairi la milimita 42 lenye tyubu, mimi huanza na PSI 38 mbele na 44 nyuma kwa njia mchanganyiko. La milimita 50, kama 28 mbele na 33 nyuma. La 35, kama 50 na 58. Nyuma huwa juu kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wako iko huko. Ukiongeza mifuko mizito nyuma, ongeza PSI 3 hadi 5 kwenye tairi la nyuma pekee.

Kisha rekebisha kwa macho. Keti juu ya baiskeli ikiwa na mizigo yote, mwenzako aangalie tairi kwa pembeni. Linatakiwa kushuka kidogo, kama sehemu moja kati ya saba ya urefu wake. Lisiposhuka kabisa, toa upepo. Likishuka mpaka ubavu unatuna kama shavu la mpiga zumari, ongeza.

Upepo ukiwa mdogo mno na una tyubu, jiwe litaibana tyubu juu ya kingo za rimu na kutoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu pacha namna hiyo, usitafute mwiba. Upepo wako ulikuwa haba.

Njiani usione uvivu. Ukifika kwenye mchanga mrefu, toa PSI 8 hadi 10 na uende polepole. Ukirudi kwenye lami, jaza. Bila pampu yenye mshale, zoeza gumba lako nyumbani: jaza kwa kipimo, bonya, kumbuka. Baada ya wiki mbili gumba litajua, kama la yule fundi wa Mombo.

Jambo moja kuhusu mteremko wa Lushoto kwenda Mombo, na miteremko mingine ya namna hiyo. Kama breki zako zinabana rimu, joto lake huingia kwenye tairi na upepo wa ndani hupanda. Tairi lililojazwa hadi mwisho linaweza kupasuka hapo, na upande mmoja ni bonde. Shuka na upepo wa kawaida, badilisha breki ya mbele na ya nyuma kwa zamu, na simama mara moja au mbili ushike rimu. Ikiunguza vidole, pumzika.

Hatua ya 8: Livishe vizuri, lijaribu, ndipo usafiri

Hakikisha tepe ya ndani ya rimu imefunika vichwa vyote vya spoku. Pancha inayorudi mahali pale pale upande wa ndani wa tyubu hutoka hapo. Paka tyubu poda. Tazama mshale wa mwelekeo kama upo. Ukishajaza, zungusha gurudumu na uangalie ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu: uonekane sawasawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Tembea nalo kilomita 60 hadi 100 ukiwa na mzigo wako halisi, upite angalau aina mbili za njia ulizoziandika kwenye karatasi. Hapo ndipo utagundua tairi linagusa madigadi ukikata kona, au ubavu una kasoro.

Mfukoni: tyubu mbili, viraka, solusheni ambayo haijakauka (ibonye kabla ya kuondoka), msasa, vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu, uzi mnene na sindano, na kipande cha ubavu wa tairi kuukuu kama kiganja. Beba na pamba kidogo. Ukipata pancha, ipitishe pamba taratibu ndani ya tairi lote; itanasa kwenye ncha ya mwiba ambayo kidole chako kimeipita mara tatu bila kuihisi. Wengi huziba tyubu, wakaacha mwiba ndani, wakaziba tena baada ya mita mia.

Ubavu ukichanika, usilitupe tairi. Ushone mchaniko kwa mishono ya msalaba isiyokazwa sana, weka kile kipande cha tairi kuukuu kwa ndani kati ya mshono na tyubu, jaza kwa upepo mdogo kidogo kuliko kawaida, na utembee huku ukilitazama kila baada ya kilomita chache. Mafundi wengi wa barabarani hushona vizuri kuliko sisi, kwa hiyo ukimfikia mmoja mwachie arudie. Tairi lililoshonwa likae nyuma. Kama lililochanika lilikuwa la mbele, yabadilishane kabla hujaanza mteremko wowote.